Wafiwa Hawapekuliwi

"Sindano, ndege imesogezwa mbele. Inaruka saa kumi na mbili kamili."

Sindano alisimama na toroli lake la taulo kwenye ujia mrefu ulio chini ya jukwaa. Juu ya kichwa chake watu elfu arobaini waliruka kwa pamoja, na vumbi la saruji likamdondokea begani.

"Nimesikia, Mjomba," alijibu, mdomo ukiwa karibu na kola. "Bao la ngapi hilo?"

"La pili. Dakika ya kumi na moja."

"Maskini."

"Acha kuwahurumia. Tafuta punje."

Kisikilizio kikanyamaza sikioni.

Siku tisa zilizopita, wezi walikuwa wamevunja mashine ya mionzi katika hospitali ya saratani, wakachomoa kidonge cha chuma kisichozidi ncha ya kidole. Katika Idara ya ujasusi walikiita punje. Mashine ilisimama tangu siku ile. Wagonjwa waliendelea kuja asubuhi na kukaa kwenye viti vyao, kwa sababu hakuna muuguzi aliyekuwa na moyo wa kuwaambia warudi nyumbani.

Punje ilikuwa na mnunuzi ng'ambo. Alitaka kuisaga na kuitapanya sokoni, siku yenye watu wengi na upepo.

Idara ilijua itasafiri leo. Ilijua itasafiri na timu hii, timu ndogo kuliko zote mashindanoni, iliyofungwa matano mechi ya kwanza na manne mechi ya pili. Ilimjua hata mwenye kuisafirisha: mratibu wa safari wa timu, bwana mwenye pasi tatu za nchi tatu, ambaye wachezaji walimpa jina la Viatu Vyeupe.

Haikujua ni sanduku lipi.

Masanduku yalikuwa kumi na mawili.

Sindano alisukuma toroli. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mzito wa nyonga, na magoti yake yalilalamika kila ngazi. Chini ya taulo kulikuwa na bastola aina ya Beretta. Mkononi alivaa saa ya Casio, ya kawaida kwa kuitazama, lakini mafundi wa Idara walikuwa wameitoa matumbo na kuitia mengine. Ikinusa mionzi, ilitetemeka. Kidogo kwa kidogo, sana kwa sana.

Hakuna aliyemtazama. Dobi hatazamwi. Ndiyo sababu alikuwa amefika miaka hiyo katika kazi ambayo wenzake wengi hawakufika.

Mechi mbili za mwisho za kila kundi huanza dakika ile ile, katika viwanja viwili, ili timu zisije zikapangiana matokeo. Sheria nzuri. Lakini leo ilikuwa na maana kwamba polisi wa mji mzima wamegawanywa mafungu mawili, na hakuna fungu lililombakia yeye.

Alifungua mlango wa chumba cha vifaa kwa kiwiko.

Mtunza jezi alikuwa peke yake, ameketi juu ya sanduku kubwa la bati, akikaza njumu za kiatu kwa koleo. Walimwita Babu Jezi. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akifua, akikunja na kubeba nguo za timu hiyo, na katika miaka yote hiyo hii ilikuwa mara ya kwanza kufika mashindano makubwa.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Wametufunga la tatu?"

"La pili tu, Babu."

"Basi bado mapema. Kipa wetu ana moyo wa kutoa. Hajawahi kumkatalia mgeni."

Sindano alicheka bila kupanga. Ndipo alipomwona vizuri. Siku nne alikuwa akiingia na kutoka kwenye chumba cha wachezaji, lakini huku alikuwa hajaruhusiwa kufika. Uso wa mzee ulikuwa wa kijivu. Kando yake kulikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo kulikuwa na kitambaa alichofunikia jambo asilotaka watu walione.

"Unaumwa, Babu?"

"Tumbo. Natapika tangu juzi. Mimi nasema ni huzuni. Kufungwa tisa kwa mechi mbili kunatapisha." Aliinuka taratibu, akaufuta mfuniko wa sanduku kwa mkono wa shati lake. "Njoo ukae. Miguu yako imevimba, nimeiona tangu mlangoni."

"Nina taulo za kupanga."

"Taulo hazina miguu, hazitakimbia. Kaa."

Kulikuwa na kiti kimoja tu katika chumba kile, sanduku lile, naye alikuwa akimpa. Sindano alisogea hatua mbili.

Casio ikatetemeka.

Hatua ya tatu, ikamwuma mkono kama nyigu.

Sanduku namba saba.

"Babu," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kwa sababu ameizoeza kutulia, "umekalia sanduku hili siku ngapi?"

"Tangu yule bwana alipopanga mizigo upya. Siku sita. Mengine yote yanayumba, hili ni zito, limetulia. Nikaona nimepata zawadi." Alijishika nyuma ya paja. "Ingawa na hapa pamewiva kama nimekalia jiko. Uzee huu."

Siku sita.

Sindano aliitia bastola kwa siri kwenye mfuko wa aproni, akazikunja taulo zote za torolini, akazipanga kwenye kona ya mbali, moja juu ya nyingine, mpaka zikawa kigoda.

"Kaa huku, Babu. Usirudi kule. Nakuomba kama mwanao."

Mzee alimtazama kidogo, kisha akaenda kukaa. Alikuwa mtu wa kumsikiliza mwenye kumwomba.

Nje, ujiani, Sindano aliegemea ukuta.

"Mjomba. Namba saba. Ni chupa ya madini ya risasi au ni kitu gani, sijui, lakini mfuniko wake haukukazwa. Inavuja mionzi. Nipe watu wawili nilitoe sasa hivi."

"Usiliguse."

"Mjomba..."

"Waziri ameketi bega kwa bega na viongozi wao. Kamera arobaini. Tuvunje sanduku la wageni wetu huku wanafungwa? Na huyo bwana akishtuka akafungua chupa kwenye ujia wenye watu elfu moja?" Alivuta pumzi. "Litakwenda mpaka lango la mizigo, uwanja wa ndege. Kule hakuna umati. Forodha wanafungua kila sanduku, ndiyo kanuni. Wakilifungua, unamdaka. Safi."

"Na mzee?"

"Mzee gani?"

"Mtunza jezi. Amelikalia siku sita."

Sindano alisikia karatasi zikifunuliwa, na sauti ya mtu mwingine, daktari wa Idara, ikinong'ona.

"Siku sita, umesema?"

"Sita."

"Hakuna cha kumharakishia, Sindano," alisema Mjomba, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliongea taratibu. "Mwache amalize kazi yake."

Umati ukaunguruma tena juu. La tatu.

"Wewe mama dobi!"

Viatu Vyeupe alikuwa akija ujiani. Suti ya kijivu, na viatu vinavyong'aa kama sahani mpya. Aliongea Kiswahili kilichonyooka, bila lafudhi ya kokote.

"Unafanya nini mlango huu?"

"Nakusanya uchafu, bwana mkubwa. Wako upo?"

Akamkodolea macho. Kisha akaangalia viatu vyake, kuhakikisha, akapita.

Wakati wa mapumziko wachezaji waliingia vichwa chini. Babu Jezi alipita kutoka kwa mmoja hadi mwingine na soksi kavu, na waliochoka kuinama aliwafunga kamba za viatu yeye mwenyewe, akiwa amepiga magoti, jasho likimchuruzika. Kwa kipa alikaa zaidi. Alimfuta tope kwenye glavu, kidole kimoja kimoja.

Mechi iliisha sita kwa bila.

Saa kumi na robo masanduku yote kumi na mawili yalikuwa ndani ya lori la Isuzu. Viatu Vyeupe alikaa mbele na dereva. Nyuma, chini ya turubai, alikaa Babu Jezi, na dobi aliyejitolea kumsaidia mizigo. Kati yao kulikuwa na mfuko mkubwa wa soksi zilizoloa, ambazo hakukuwa na wakati wa kuzifua. Sindano alikuwa amelipanga namba saba mwisho kabisa, kuelekea mbele, na wao wawili wakakaa ukingoni, miguu ikining'inia.

"Sindano, Hilux ya vijana wa Idara imekwama kwenye umati," alisema Mjomba sikioni. "Nusu saa. Labda zaidi."

Sindano alikuwa akimtazama mzee akitapika nje ya lori, kwa adabu, akiwa amegeuza uso ili asimchafue mtu.

Kazi ya Sindano ilikuwa kudanganya. Lakini kuna watu ambao ukiwadanganya, hata chakula hakishuki.

Akamwambia. Alimwambia yeye ni nani, na ndani ya sanduku kuna nini, na ugonjwa ule si huzuni. Alisema polepole, kwa maneno mepesi.

Babu Jezi alisikiliza mpaka mwisho.

"Vijana wangu," alisema. "Nao mionzi imewapata?"

"Hawakukaa kwenye chumba kile, Babu. Waliingia na kutoka."

"Na ndege?"

"Kwenye ndege wangekaa juu yake saa saba."

Mzee alitikisa kichwa. Barabara ilirudi nyuma chini ya miguu yao, maduka, ukuta, mti, ukuta.

"Kwa hiyo mimi basi."

"Samahani, Babu."

"Hukuniwekea wewe." Akampapasa mgongo wa mkono, kama ndiye aliyepaswa kumtuliza. "Tuifikishe kwanza."

Lango la mizigo lilikuwa banda refu la mabati, na meza moja ya chuma. Nyuma ya meza alisimama mkuu wa forodha wa zamu, mama mnene, miwani yake ikining'inia kwa mnyororo kifuani. Redio ndogo mezani ilikuwa ikisoma matokeo ya kundi. Alipoona nembo ya timu kwenye masanduku, akaizima.

"Poleni," alisema. "Poleni sana, jamani."

Wapagazi walishusha masanduku, wakayapanga sakafuni. Sindano alisogea karibu, mkono ndani ya mfuko wa aproni, kidole kwenye Beretta. Sasa mama wa forodha angesema wafungue.

Mama wa forodha alichukua muhuri. Pa. Sanduku la kwanza. Pa. La pili. Pa. La tatu.

Hakufungua hata moja.

"Mama," alisema Sindano, "hukagui?"

"Hawa?" Mama alimshangaa. "Washindi nawafungua mpaka soksi. Hawa wamefungwa kumi na tano, mwanangu, kumi na tano kwa mechi tatu. Niwamwagie chupi zao sakafuni, na watu wanatazama? Tangu mashindano yaanze, timu inayotoka naipitisha hivi hivi. Wafiwa hawapekuliwi."

Viatu Vyeupe alitabasamu. Alikuwa ameujua mtindo huo. Alikuwa ameujua siku nyingi; ndiyo sababu alichagua timu hii na si nyingine. Katika mji wote uliojaa walinzi, alitafuta mahali penye huruma, akatoboa hapo.

Pa. La nne. Pa. La tano.

"Mjomba," alinong'ona Sindano. "Hawafungui."

"Kanuni inasema..."

"Hawafungui! Navunja mwenyewe."

"Hapana. Mkono wake uko wapi?"

Mkono wa Viatu Vyeupe ulikuwa ndani ya koti. Alikuwa amesimama bega kwa bega na mama wa forodha. Wapagazi wanne. Dereva. Hilux haipo.

"Ndani ya koti," alisema Sindano.

"Basi usiguse. Narudia, usiguse."

Pa. La sita.

Muhuri ulikuwa juu ya namba saba Babu Jezi aliposogea mbele.

"Mwanangu," alimwambia mama wa forodha, "subiri kidogo. Wewe ni mtu wa kwanza kutupa pole katika mji huu. Mimi, mtu akinitendea wema, siondoki bila kumwachia jezi. Ndiyo desturi yangu, kila tulikokwenda. Ziko humu, za akiba."

"Jamani, baba! Mimi? Hapana, usijisumbue."

"Ufunguo ninao."

"Hakuna muda, mzee," alisema Viatu Vyeupe haraka.

"Muda wa kushukuru haukosekani, bwana."

Alipiga magoti. Akafungua kufuli. Mratibu angemzuia vipi, mbele ya watu, mzee anayetoa zawadi? Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Tabasamu lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Mfuniko ulifunguka. Babu Jezi aliinua jezi moja, ya bluu. Akainua na fungu zima lililokuwa chini yake.

Hapo ilionekana chupa nene ya kijivu, mfano wa chupa ya chai.

Mama wa forodha alikuwa na huruma, lakini hakuwa mjinga. Miwani ikapanda puani.

"Hii ni nini?"

Bastola ikatoka kotini.

Sindano hakuwa na nafasi ya kufyatua. Mama alikuwa katikati. Alishika kilichokuwa karibu, mfuko wa soksi zilizoloa, jozi ishirini na mbili zilizoloa maji na tope, akauzungusha kwa nguvu za miaka hamsini na miwili.

Ukampiga Viatu Vyeupe sikioni.

Risasi ilitoboa bati la juu. Mfuko ukapasuka. Alianguka juu ya sanduku, sanduku likapinduka, na kabla hajainuka Sindano alikuwa na goti moja mgongoni mwake, lile bovu zaidi, na Beretta shingoni.

"Tulia. Nina uzito, nao nitautumia."

Ndipo Casio ilipoanza kupiga kelele. Mafundi hawakumwambia kama inaweza.

Chupa ilikuwa imelala ubavu. Mfuniko umebingirika hadi miguuni mwa mpagazi. Sakafuni, hatua tano kutoka kwenye meza, kulikuwa na kitu kidogo chenye kung'aa.

Punje.

"Tokeni!" alifoka Sindano. "Nje wote! Kimbieni!"

Walikimbia. Mama wa forodha alimvuta dereva kwa ukosi. Sindano alimburuta Viatu Vyeupe hadi mlangoni, akamfunga pingu kwenye nguzo ya nje, akageuka kurudi ndani.

"Kaa hapo hapo!"

Babu Jezi hakuwahi kupaza sauti siku zote nne. Sasa aliipaza.

"Babu, niachie mimi..."

"Uje kuoga maji niliyokwisha kuyaoga mimi? Mtu mmoja anatosha." Alichukua koleo lake la njumu mfukoni. Aliinama. Koleo likateleza, punje ikabingirika, akaifuata kwa magoti kama bibi anayetafuta shanga. Mara ya pili akaibana. Aliirudisha ndani ya chupa, akautafuta mfuniko, akaukaza. Halafu akaukaza tena, kwa mikono miwili, kama mtu aliyetumia maisha yake kukaza vitu ambavyo wengine wataacha vilegee.

Casio ikapunguza. Ikanyamaza.

Mzee akakaa sakafuni.

Saa kumi na moja na nusu vijana wa Idara walifika na mavazi yao mazito na pipa la madini ya risasi. Walichukua chupa. Walimchukua Viatu Vyeupe, kiatu kimoja kimemtoka. Mama wa forodha alikuwa amekaa kwenye ukingo wa njia, akilia bila sauti, na alipomwona Sindano alisema, "Mimi ndiye ningeipitisha."

"Wewe ndiye uliyefanya sanduku lifunguke," alimwambia Sindano. Ilikuwa kweli pia. Lakini mama hakuweza kuipokea siku hiyo, na labda siku nyingine yoyote.

Babu Jezi alilazwa kwenye gari la wagonjwa. Ndege ilikuwa imeanza kujongea kwenye njia yake, na masanduku kumi na moja. Wachezaji walikuwa wameambiwa kwamba mzee ameshikwa na ugonjwa wa moyo, atawafuata.

"Watakuambia nini idarani?" aliuliza mzee.

"Wataniambia halikutokea."

"Na mimi?"

"Wewe pia, Babu. Hukutokea."

Alifikiri. "Nimebakiza muda gani? Useme kweli."

"Wiki mbili. Labda tatu."

"Basi soksi zitawahi kukauka." Alijaribu kuinua kichwa, atazame ndani ya banda. "Zimetapakaa mle. Zikikaa na maji zinaoza, mwanangu, na kuvu la soksi halitoki. Zina neno zile, zimeingia sumu?"

"Hapana. Mionzi si unga. Ni safi, ni tope tu."

"Nitundikie, basi. Ncha ziangalie juu, zisinyooke."

Mlango wa gari ukafungwa.

Sindano alirudi ndani. Aliziokota moja moja, arobaini na nne. Alizikamua. Alizipeleka kwenye uzio wa waya unaotenganisha banda na njia ya ndege, akazitundika zikiwa mbilimbili, ncha juu, kwa mpangilio wa namba, kuanzia ya kipa. Ndege ilipita upande wa pili ikaruka, na upepo wake ukazipuliza zote kwa pamoja.

"Sindano," alisema Mjomba sikioni. "Kazi nzuri. Hospitali watapata punje yao kesho. Uko wapi? Gari linakusubiri langoni."

Alikuwa akirekebisha soksi ya mwisho.

"Sindano? Hali ya mzee?"

Alikitoa kisikilizio sikioni, akakifuta kwa aproni, akakitia mfukoni. Kisha akaondoka kwa miguu kufuata uzio, bila haraka, kwa magoti yale yale, upande ulioelekea hospitali alikopelekwa mzee.